Kichupa Nilichokibeba Mimi

Kwako Kabula, mwanangu.

Shikamoo yako ya leo asubuhi niliipokea na marahaba nikaitikia, kwa hiyo salamu tumezimaliza mdomoni, hapa kwenye karatasi naingia ndani moja kwa moja. Kalamu ni yangu, mwandiko ni wangu, sijamtuma mtu. Nakuambia ili ujue. Wako wazee wa rika langu hapa kijijini, wakitaka barua wanamfuata mwalimu, wanakaa kwenye kigoda wanamtajia maneno kama wanaagiza chumvi dukani. Mimi nilisoma kisomo cha watu wazima, nikawa wa kwanza kusimama ubaoni na kusoma mstari mzima bila kukwama, na cheti ninacho, panya wamekula pembeni tu. Herufi zangu ni kubwa kama kwato, lakini zinakwenda zinakotakiwa. Na hata ningekuwa sijui kuandika, barua hii nisingeweza kumtajia mtu. Utaona kwa nini.

Kesho mumeo Masanja anakuja kukuchukua wewe na sanduku lako. Tangu mahari ilipokamilika umekaa hapa unangoja, mwenzako akilala na wafanyakazi wanne chumba kimoja kule karibu na kiwanda cha minofu. Sasa amepata vyumba viwili Kiseke, amevipaka chokaa, amenunua kitanda, amekuja kunieleza habari za kitanda hicho mpaka nikamwambia inatosha. Mambo ya kupika, ya kuamka, ya kuishi na majirani wa mjini, mama yako na shangazi zako wamekueleza wiki nzima, nimewasikia. Mimi siongezi hata moja. Ninalo langu moja tu, na nimekaa nalo tangu ukiwa mtoto wa kushika khanga ya mama yako.

Lakini kwanza acha niseme lililo tamu, maana likibaki ndani litanipasua. Najua una mimba.

Hapo. Nimeandika.

Usione haya, uko peke yako na karatasi. Ndiyo maana nimechagua karatasi. Kwetu baba hamwambii binti yake habari za tumbo lake. Baba anaona, anageuza uso, anauliza kama kuni zipo. Hata mimi nimefanya hivyo wiki zote hizi, nimekuuliza habari za kuni mpaka umebeba mzigo wa kutosha harusi. Lakini nilijua kabla ya mama yako. Siku ile Masanja alipotuma mapanki ya sangara, vile vichwa na mifupa inayobaki kiwandani, wewe ambaye tangu utoto unafyonza kichwa cha samaki mpaka kinabaki mfupa mtupu, ukashika pua ukakimbilia nyuma ya zizi. Nikasema moyoni, tayari. Mimi sijawahi kukosea mtamba, namtazama tu anavyoweka miguu. Watu walitoka mpaka Magu kuniita niwaangalizie ng'ombe wao. Sembuse mtoto niliyemlea mwenyewe.

Kabula, nina furaha mpaka sikai. Jumatano ya wiki ile ile nilikwenda mnadani Kisesa kuuza dume, nikarudi nalo. Mnunuzi anataja bei, mimi namtazama mdomo unachezacheza, nawaza kitu kimoja tu, kwamba naitwa babu. Nilitaka kumwambia yule mnunuzi. Nilitaka kuliambia dume. Nikanunua pipi nikagawia watoto wa watu, wakaniuliza kuna nini, nikasema hakuna kitu, mzee hawezi kununua pipi? Mimi mtu wa maneno, unanijua, jambo la kuku kutaga naweza kulisimulia kutoka asubuhi hadi jioni, na hili ndilo nimelifungia. Wewe ni mtoto wangu mmoja tu. Huyo aliye tumboni ndiye atakayefanya tuwe watu wengi.

Sasa sikiliza lililonishusha.

Jumanne ya wiki iliyopita mlikuwa nyuma ya nyumba na mama yako mnamenya karanga. Mimi nilikuwa ndani naweka mpini kwenye jembe. Mama yako akakuambia ukifika mjini uende kliniki mapema, wakupime. Wewe ukacheka. Nakumbuka maneno yako yote, nimeyarudia kichwani mpaka yamekuwa kama yangu. Ulisema, "Mama, si walikupima wewe? Si walichemsha mkojo wako mbele ya baba, wakasema safi? Baba ametusimulia maisha yangu yote. Safi yao ilitupa nini? Mimi siendi kutobolewa bure."

Karanga zikaendelea. Na mimi mpini ukaniponyoka mkononi, kwa sababu yale hayakuwa maneno yako. Ni yangu. Nimeyasema misibani, nimeyasema kwenye pombe, nimeyasema kanisani nje baada ya ibada, nimewaambia wanaume wenzangu wasisumbue wake zao na safari za zahanati. Mke wangu alipimwa, wakasema mzima, mtoto akafa. Nilikuwa nayasema kwa sauti ya mtu aliyeona kwa macho. Na kweli niliona kwa macho. Lakini kuna kipande sikukisema hata siku moja, wala kwako, wala kwa mama yako, wala kwa padri.

Ilikuwa mwaka ule wa vita ya Kagera. Wewe ulikuwa na miaka kama minne. Mama yako alikuwa na mimba ya miezi saba au nane, na alikuwa anakwenda zahanati bila mimi kutaka, anatoroka kama mtu anayekwenda ngomani. Miguu ikaanza kumvimba. Kwanza vifundo, halafu mpaka magotini, halafu uso, asubuhi akiamka macho yamekuwa madogo. Kwenye zahanati alikuwepo nesi kijana, anaitwa Leokadia, mtu wa Ukerewe. Akamwambia mama yako, usitembee tena umbali huu, pumzika, lakini kesho asubuhi kinga mkojo wa kwanza kwenye chupa safi, mume wako aulete kwa baiskeli niupime.

Mama yako akaja akaniambia. Nikacheka. Nikamwambia, mke wangu, huyo mtoto wa Ukerewe amesoma vitabu, mimi nimesoma ng'ombe. Unajua ng'ombe akikaribia kuzaa anavyokuwa. Kiwele kinajaa, na ngozi ya tumbo mbele ya kiwele inavimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Ni maziwa yanakuja. Ng'ombe anayevimba hivyo ndiye anayejaza kibuyu. Basi nikamkalisha mama yako, nikabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Nikafurahi, Kabula. Nilisimama pale katikati ya uwanja nikafurahi, nikamwambia, "Unaona? Maziwa hayo. Huyu atanyonya mpaka atapike." Na mama yako akacheka na yeye, maana alikuwa ananiamini. Kwenye mambo ya kuzaa nani angebishana na mimi.

Lakini alikuwa ameahidi, na asubuhi akanipa kichupa. Kilikuwa cha dawa ya kikohozi, amekiosha vizuri, amekifunga na kipande cha kitambaa juu ya kifuniko. Akasema, mpelekee tu, uniondolee deni la maneno. Nikakitia mfukoni, nikapanda baiskeli.

Njiani kikaanza kunichoma. Unajua tulivyolelewa. Nywele zako, kucha zako, mkojo wako, havikai mkononi mwa mtu usiyemjua ukoo wake. Mtu mbaya akivipata anaweza kukufunga tumbo. Na juu ya hapo aibu. Mkojo wa mke wangu uwekwe mezani, wapite watu wautazame kwenye mwanga? Mimi? Nilifika pale palipo na mawe makubwa kabla ya kuteremka barabarani, nikaegesha baiskeli. Nikakifungua kichupa, nikamwaga chini ya jiwe nikafukia na mchanga. Nikakisuuza kwa maji niliyobeba ya kunywa. Halafu nikakijaza mwenyewe.

Ndiyo. Umesoma vizuri. Wangu.

Nikafunga kitambaa vilevile alivyofunga mama yako, nikapanda baiskeli, na nakuambia kweli, nilicheka mpaka zahanati. Nilijiona mjanja kuliko serikali. Nesi amepata mkojo wake, mke wangu hajaguswa, nyumba yangu imebaki na heshima. Kilichoniuma ni kwamba siwezi kumsimulia mtu.

Nesi Leokadia akauchukua, akautia kwenye bomba la kioo, akawasha taa ya spiriti, akauchemsha mbele yangu. Akanieleza, ukiganda kama ute wa yai ujue kuna shida. Haukuganda. Akaushika kwenye mwanga wa dirisha, akashusha pumzi, akasema, "Afadhali. Nilikuwa na wasiwasi sana na yule mama. Ni safi kabisa." Na mimi mjinga nikajivuna. Nilisimama pale nimetoa kifua, nasifiwa mkojo. Akaandika kwenye kadi, akasema mama apumzike, aje wiki inayofuata.

Wiki hiyo haikufika. Siku ya nne mama yako akaamka anasema kichwa kinapasuka, na anaona vimulimuli mchana kweupe. Nikamwambia ni jua. Saa sita akaanguka jikoni, mwili unakaza, povu mdomoni, ameuma ulimi. Wewe ulikuwa umeshika khanga yake. Nikamweka kwenye mkokoteni, nikafunga maksai wawili, nikawapiga njia nzima mpaka barabarani, na lori la pamba likatuchukua hadi hospitali mjini. Pale walichukua mkojo wake mwenyewe. Wakauchemsha. Mimi nilikuwa mlangoni. Uliganda, Kabula, wote, ungeweza kugeuza lile bomba chini juu usimwagike. Daktari akaitazama kadi ya zahanati, akautazama mkojo, akaitazama kadi tena. Akasema, "Siku nne zilizopita ilikuwa safi? Huyu aliyepima alikuwa anatazama nini?"

Nilikuwa umbali wa hatua tatu. Mdomo ninao, unaujua ulivyo mkubwa. Sikusema.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alitoka amekwisha kufa. Mama yako alikaa siku kadhaa bila kujua jina lake, akapona, na hakushika tena mimba. Ndiyo maana huna ndugu. Watu wakaniambia nioe mwingine, nikakataa, wakanisifu. Walisema, mzee huyu anampenda mkewe. Nampenda, ndiyo. Lakini hasa nilikuwa naogopa, ningewezaje kumpa mwanamke mwingine mimba na mimi najua nilichofanya? Na kwa kuwa siwezi kukaa kimya, nikatengeneza ile hadithi. Walimpima, wakasema safi, mtoto akafa. Kila neno ndani yake ni kweli, na yote ni uongo. Nikaisimulia mpaka ikawa yangu kama sura yangu. Sikuwaza kwamba kuna mtoto amekaa pembeni anasikiliza, na ipo siku atakuwa na tumbo lake.

Basi ile Jumanne sikulala vizuri. Alhamisi, ambayo ni siku ya kliniki, nikavaa koti, nikachukua baiskeli, nikaenda zahanati. Wewe uliniuliza nakwenda wapi nikasema kuangalia matairi.

Nikakuta benchi limejaa wanawake na matumbo yao. Nikakaa mwisho. Mmoja, mnene, mwenye kitenge cha njano, akaniuliza, "Babu, na wewe ni ya miezi mingapi?" Nikamwambia yangu ni ya miaka sitini na inacheza bado. Wakacheka mpaka wakashikana. Nikawaambia habari za mitamba yangu, wakacheka zaidi, mmoja akataka nimtabirie, nikamwambia leo sitabiri, leo nimekuja kupimwa. Kabula, lile benchi lina raha. Nilidhani ni mahali pa watu wanaoogopa. Wanapigana mizaha, wanapeana viazi, wanafananisha kadi zao kama watu wanaofananisha ng'ombe mnadani. Ingekuwa wanaume tunaruhusiwa ningekwenda kila Alhamisi.

Zamu yangu ikafika. Aliyekuwa ndani ni Leokadia mwenyewe. Nywele nyeupe, miwani, lakini ni yeye, alihamishwa miaka mingi, akarudishwa. Akaniuliza mzee una tatizo gani. Nikasema nilikuja hapa zamani na kichupa, mwaka wa vita.

Akaweka kalamu chini. "Yule mama wa kifafa cha mimba," akasema. "Mkojo ulikuwa safi."

"Haukuwa wake."

"Ulikuwa wa nani?"

"Wangu."

Nilitegemea atapiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, kelele naziweza. Hakupiga. Alitazama viganja vyake, akavigeuza, akavitazama tena. Akaniambia kwamba waliitwa wakubwa kutoka mjini wakamhoji. Hawakumfukuza, lakini waliandika kwenye faili lake. Na yeye mwenyewe hakujua alikosea wapi. Alidhani ni macho. Alidhani alichanganya vichupa. "Tangu siku ile," akasema, "kila mkojo unaoingia chumba hiki naupima mara mbili. Spiriti ikiisha mapema nilikuwa naambiwa naiba. Siku hizi zimekuja karatasi za kuchovya, hazihitaji moto, na bado nachovya mbili. Wenzangu wananicheka."

Nilisema nisamehe. Neno hilo mimi silijui sana, lilitoka kama mfupa. Akasema, "Nimekusikia. Sasa umekuja kwa sababu gani, baada ya miaka yote hiyo?"

Nikamwambia habari zako. Kwamba una mimba changa, kwamba unakwenda mjini, kwamba hutaki kupimwa kwa ajili ya hadithi yangu. Akasogeza kiti. Akasema, "Lete kidole."

Nikauliza cha nini. Akasema, "Umewatisha watu na sindano kijiji kizima. Lete kidole, ukamwambie binti yako mwenyewe inavyouma."

Basi nakwambia inavyouma. Haiumi. Ni kama siafu mdogo mwenye haraka. Tone moja tu, wanalitazama kama damu inatosha au imepungua. Yangu alisema inatosha, ila mimi najua alitaka kusema ni nyingi sana, maana aliitazama mara mbili. Halafu akanifunga mkanda wa presha mkononi akaupampu. Hapo kidogo nishtuke, nikadhani mkono unakatika, kumbe ni kama kusalimiwa na mtu mwenye nguvu asiyetaka kuachia, halafu anaachia. Akanieleza kwamba ile presha na ule mkojo ndivyo vinavyosema kabla mwanamke hajaanguka. Miguu kuvimba peke yake hakumwambii nesi kila kitu, na ndiyo maana anaomba kichupa. Aliniomba kichupa, Kabula. Alikuwa ananiuliza swali, na mimi nikamjibu kwa niaba ya mtu mwingine.

Akanionyesha na ile pembe ndogo ya kusikilizia moyo wa mtoto. Mimi nimeweka sikio kwenye ubavu wa ng'ombe maisha yangu yote nikidhani nimegundua mwenyewe, kumbe na wao wanaweka sikio. Nikaomba nijaribu, akasema kwa nani, nikajiwekea tumboni mwangu nikainama mpaka kiuno kikalia, nikasikia uji. Alicheka. Ndiyo mara ya kwanza alicheka. Akasema wako akifika miezi mitano na kitu atasikika, dup dup dup, haraka kuliko wa mtu mzima, kama anakimbia. Nimerudi nyumbani nasikia hiyo dup dup kwenye pedali za baiskeli. Na Masanja ananiambia pale Mirongo kuna mganga wa hospitali binafsi ameleta mashine, inamwonyesha mtoto kwenye kioo kama televisheni, amelala, anakunja mguu. Sijui kama ni kweli, vijana wa mjini wanapenda kunijaribu. Ila kama ni kweli na mimi nafuata hiyo mashine, nitavaa koti.

Nilimuuliza Leokadia kuhusu desturi yetu, kwamba tumbo halitangazwi mpaka lijitangaze lenyewe. Nilijua shangazi zako wamekuambia hivyo. Akasema, "Mwambie mimi sitangazi. Mimba ile ambayo haijaonekana ndiyo ninayoitaka, maana bado nina muda nayo." Nimekuandikia alivyosema, mimi hapo sina la kuongeza. Akasema pia kwamba wanapima kaswende kwenye damu, na mume naye aende, wasipime mmoja wakamwacha mwingine. Hilo mwambie Masanja wewe, mimi ni baba mkwe, sina mdomo wa hilo. Akisitasita, mwambie baba mkwe wake ametobolewa kidole kabla yake na hakulia.

Ijumaa asubuhi nikamwambia mama yako. Tulikuwa tunapalilia viazi. Nilimwambia yote, ya mawe, ya mchanga, ya kitambaa. Yeye akaendelea kulima. Alilima tuta lote mpaka mwisho, akageuka, akarudi na tuta la pili mpaka nilipo. Jasho linamtoka. Akauliza, "Kabula anajua?" Nikasema hajui. Akasema, "Basi mwandikie. Mpaka umwandikie, mimi na wewe hatuna maneno."

Na kweli hatuna. Wewe umeona siku hizi, ukadhani tumegombania sanduku. Chakula ananipa, nguo anafua, lakini maneno yake yote anawapa kuku. "Kuku, waambieni wenye nyumba uji umeiva." "Kuku, mwambieni mtu afunge zizi." Kuku wa nyumba hii sasa wanajua mambo kuliko mwenyekiti wa kijiji. Nilidhani siku hiyo ikifika atanipiga, au atalia, au atarudi kwao. Anaongea na kuku. Nimeona ni heri angenipiga.

Mwanangu, mimi sikuwa mtu asiyejua. Ungekuwa unatafuta mtu anayejua kuzaa kwa ng'ombe kutoka hapa mpaka ziwani usingempata kama mimi, na hilo nalisema mpaka leo. Nilijua sana kitu kimoja, nikakipeleka mahali kisipohusika, na nikaona aibu kuuliza. Halafu nikaona aibu kusema. Aibu ya kwanza ilichukua mtoto wa kiume. Ya pili imetembea na mimi miaka yote hii, imefika mpaka kwenye tumbo lako, na ninaandika haraka hivi ili iishie kwenye karatasi hii, isipande gari la kesho.

Kwenye sanduku lako, chini ya kile kitenge cha bluu, utakuta kichupa. Kina kifuniko cheupe, amenipa Leokadia. Ni kitupu na kisafi, sijakigusa zaidi ya kukiweka hapo. Sitaki uniandikie barua ya kunijibu, wala usinisamehe haraka kwa sababu mimi ni baba yako. Nataka jambo moja. Masanja akija mwezi ujao mpe kadi yako ya kliniki aniletee niione. Leokadia amenionyesha ilivyo, mahali palipoandikwa uzito, palipoandikwa presha, palipoandikwa mkojo. Nitavaa miwani ya mwalimu, nitasoma mwenyewe, na kwenye mstari wa mkojo nitajua kwamba safari hii ni wa mwenyewe.

Nilikuwa nimekwisha kuandika jina langu hapa chini, nimelifuta. Mama yako amekuja. Amesimama mlangoni na ungo mkononi, kuku wapo nyuma yake, lakini hakuwatazama kuku. Ameniuliza mimi, "Umeandika yote?"

Nikasema yote.

"Na la kichupa?"

"Nalo."

"Soma."

Nimemsomea. Kutoka juu mpaka hapa, na kidole kwenye mistari, na pale nilipojisifu hakucheka, na pale kwenye benchi alicheka kidogo, na pale kwa mtoto aliweka ungo chini akakaa. Nilipomaliza aliuokota ungo. Halafu akasema kuna kitu nimesahau, niongeze kwa jina lake, niandike kama anavyosema bila kupamba. Nami naandika bila kupamba:

"Kabula, ni mama yako. Ukiamka siku hiyo, kinga mkojo wa kwanza. Funga kifuniko mwenyewe. Kibebe mwenyewe mkononi mpaka mlangoni kwa nesi, umpe yeye mkononi mwake. Usimpe mwanaume yeyote akushikie njiani, hata akiwa anakupenda."

Baba yako,
Lugwisha